Chujio la waya wa intaneti, faiba, Wi-Fi au dishi: nini hasa kinatuliza spika?

Disemba ikifika, Moshi hujaa. Magari ya Dar es Salaam yanapandisha Kibosho na Marangu na vumbi lake, mbuzi wanapanda bei, na kila aliyekuwa mbali anarudi na mzigo. Mwaka jana binti wa baba mdogo alirudi kutoka Uingereza na kiboksi cha bati kinachoenea kiganjani, chenye tundu la waya wa intaneti kila upande. Ni chujio. Unakipachika kati ya ruta na strima, yaani kile kifaa kinachovuta muziki mtandaoni na kuupeleka kwenye amplifaya. Kwa mujibu wa karatasi iliyokuja nacho, kazi yake ni kuzuia kelele za umeme zisipande na waya zikaingia kwenye muziki.

Baba mdogo ni mwalimu mstaafu wa pale Rau. Amplifaya yake ni ya Kijapani, ya miaka ya 1980, na jioni hasikilizi kitu zaidi ya dansi la miaka ya 1970. Tatizo ni kwamba spika zake zina mvumo. Ukizima taa na mbwa wa jirani wakatulia, unausikia: mmmmmm, hata muziki ukiwa umesimamishwa. Ndiyo maana aliniita. Mimi nafunga mitandao na kamera za ulinzi, na kwenye ukoo huu ukishajua kuklimpi waya wewe ni fundi wa kila kitu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kaa hapo. Mdogo wako kaniletea hii dawa. Sasa niambie: nikifunge, nikiweke kabatini, au kuna kitu kingine ningeweza kununua kwa hela hiyohiyo kikafanya kazi vizuri zaidi?"

Swali hilo ndilo ninalolijibu hapa, maana tangu siku ile nimeulizwa na watu wengine watatu, wawili wa hapa Moshi na mmoja wa Njiro, Arusha.

Kwanza chomoa waya

Kabla hujalinganisha chujio na chujio, fanya jaribio hili la bure. Weka wimbo ucheze, subiri kama nusu dakika, kisha chomoa waya wa intaneti nyuma ya strima. Muziki hautakatika papo hapo. Strima nyingi huvuta sehemu ya wimbo mapema na kuihifadhi kwenye kumbukumbu, kwa hiyo utapata sekunde kadhaa, pengine wimbo mzima, huku waya ukining'inia.

Sikiliza kwa makini muda huo. Hakuna chujio duniani, hata la dola elfu moja, litakaloshinda waya uliochomolewa. Kama mvumo upo palepale, hauji na waya wa intaneti, na kila utakachofunga kwenye waya huo ni pambo. Kama umekatika au umepungua, basi endelea kusoma ukiwa na kalamu mkononi.

Kwa baba mdogo tulichomoa. Mvumo ukaendelea kama hakuna kilichotokea. Akanitazama, akatazama kiboksi, hakusema kitu. Nitarudi kwake.

Kinachopita ndani ya waya

Watu wanabishana sana kuhusu vichujio kwa sababu wanachanganya mambo mawili yanayosafiri kwenye waya mmoja.

La kwanza ni namba za muziki. Hizi zinakuja kwa vifurushi vidogo, na kila kifurushi kina hesabu yake ya kujikagua. Kikifika kimeharibika kinatupwa, na strima inaomba kingine. Vikishafika vinapangwa kwenye kumbukumbu, na hapo DAC, yaani kigeuzi kinachozibadilisha namba kuwa umeme wa sauti, huzisoma kwa mwendo wa saa yake yenyewe, si wa ruta. Ndiyo maana mtandao mbovu hauleti besi hafifu wala sauti ya mwimbaji iliyofifia. Unaleta kukwama: wimbo unasimama, kiduara kinazunguka, unaanza kulaumu bando. Anayekwambia chujio limemsogeza mpiga gitaa mbele kidogo kwa "kusafisha data" anazungumzia kitu ambacho waya hauna namna ya kukifanya.

Na mzigo wenyewe ni mdogo. Muziki wa kiwango cha CD kabla ya kubanwa ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. Hata ule wa biti 24 na kilohezi 192, ambao wengi wetu hatuna masikio wala spika za kuutofautisha, haufiki megabiti 10. Waya wa kawaida unapitisha megabiti 100 au 1,000. Nalisema hili kwa sababu baadhi ya vichujio hushusha waya wa megabiti 1,000 hadi 100, na muuzaji hulificha kama aibu. Kwa muziki si hasara. Kwa mtoto anayepakua magemu kwenye waya huohuo, ni hasara.

La pili ni umeme usiotakiwa unaodandia nyuzi zilezile: uchafu wa adapta za bei rahisi, wa kompyuta, wa taa za LED. Huu upo kweli na unapimika. Lakini mlangoni pake tayari pana bawabu. Kiwango cha IEEE 802.3, ambacho waya wa intaneti unafuata, kinataka kila tundu la mtandao liwe na kitenganishi, na kwa kawaida ni transfoma ndogo zilizofichwa ndani. Utengano huo unatakiwa kuhimili volti 1,500 kwa dakika nzima. Kwa hiyo ule mvumo mzito wa hezi 50 unaotokana na umeme wa TANESCO haupiti kirahisi kwenye waya wa UTP wa kawaida, yaani waya wa intaneti usio na ganda la chuma. Kinachoweza kupenya ni mawimbi ya kasi sana, ya mamilioni ya mizunguko kwa sekunde, nayo huhitaji DAC iliyotengenezwa ovyo ndipo yageuke kuwa kitu cha kusikika.

Chujio la wapenda muziki, au usifunge kitu

Vichujio kama EE1 ya English Electric vimetengenezwa kwa ajili ya watu wa aina ya baba mdogo. Havitaki umeme, unavipachika tu. Mara nyingi ndani mna transfoma nyingine au koili za kuzuia mawimbi ya kasi, yaani unamwongezea bawabu mwenzake. Kuna vingine kama GigaFOIL ya Marekani, ambayo inageuza ishara kuwa mwanga na kuirudisha kuwa umeme ndani ya kasha moja. Bei zinaanzia makumi ya dola na kupanda hadi unapoanza kuona haya kumwambia mama watoto.

Tulilijaribu la baba mdogo jioni ile. Mara ya kwanza tulilifunga akiona, na akasema ala za upepo zimekuwa safi zaidi. Sikumbishia, hata mimi nilihisi hivyo kidogo. Kisha tukaleta shilingi mia moja. Binamu yangu alikaa nyuma ya kabati, anarusha sarafu: kichwa analifunga, upande wa pili analitoa, na anasubiri muda uleule kila mara ili tusimbaini kwa mwendo wa mikono. Mara kumi. Baba mdogo alipatia tano. Mimi nilipatia nne, na mimi ndiye fundi.

Ukitaka kurudia jaribio hilo kwako, ujue kwamba mtu anayebahatisha tu atapatia tano kati ya kumi, na mara nyingi hata sita au saba. Mpaka apatie tisa ndipo uanze kumheshimu. Usiguse kitasa cha sauti katikati ya jaribio, maana sikio hupenda kile kilicho juu kidogo na kukiita "safi".

Sikatai kwamba yupo mtu mwenye DAC dhaifu, ya zile zisizo na jina, ambaye chujio litampunguzia mkwaruzo mwembamba unaosikika kipanya cha kompyuta kikisogezwa. Nimeusikia mkwaruzo huo kwa masikio yangu. Lakini mara zote ulikuja kwa waya wa USB kutoka kwenye kompyuta, si kwa waya wa intaneti.

Waya wenye ganda la bati, au waya wa kawaida

Hapa ndipo pesa ndogo inafanya kazi kubwa, na ndipo mafundi tunakosea. Mteja akisema ni mpenda muziki, tunamletea waya mnene uliofunikwa foili, wenye vichwa vya chuma vinavyong'aa. Anafurahi. Kumbe tumeharibu.

Ganda lile likishika chuma pande zote mbili, linaunganisha kasha la ruta au la kompyuta na kasha la strima. Transfoma za ndani ya tundu zilikuwa zimevitenganisha vifaa hivyo. Ganda limevirudisha pamoja kwa mlango wa nyuma. Sasa umeme mdogo unaovuja kutoka kwenye adapta una njia ya kuzunguka: kutoka ruta, kupitia ganda, kupitia strima, kuingia kwenye waya wa sauti, hadi amplifaya. Mzunguko huo ndio huimba mmmmmm.

Mwenye strima na kompyuta sebuleni, waya wenye vichwa vya chuma, na mvumo uliokatika alipochomoa: usiagize chujio. Nenda Double Road, nunua UTP wa kawaida wenye vichwa vya plastiki visivyo na chuma ubavuni. Mteja wangu mmoja wa Shanty Town alikuwa ameshajaza oda ya kifaa cha nje. Tukabadilisha kipande cha mita tatu, akaifuta.

Vile vipete vyeusi vya feraiti unavyovibana kwenye waya navyo ni vya bei ndogo, na havina madhara. Vinafaa kwa mawimbi ya kasi. Kwa mvumo wa hezi 50 havina msaada wowote. Usivipange kama shanga.

Kitenganishi cha hospitali

Hiki ni ndugu wa chujio ambaye haongei sana. Kimetengenezwa ili kompyuta iliyounganishwa na mtandao isipitishe umeme hatari kwa mgonjwa mwenye nyaya kifuani, na hujaribiwa kwa volti 4,000 kwa kufuata IEC 60601-1, kiwango cha usalama wa vifaa vya tiba. Kazi yake ni ileile ya chujio, ila kinakuja na karatasi ya vipimo badala ya mashairi. Nikilazimishwa kuchagua kati ya kiboksi cha hospitali na cha wapenda muziki vyenye bei inayokaribiana, nachukua cha hospitali bila kusita.

Angalizo moja, kwa wote wawili: kwa kawaida havipitishi umeme wa PoE, yaani ule unaopelekwa kwenye kifaa kwa waya uleule wa intaneti. Ukikipachika kwenye waya unaolisha kamera au kile kifaa cha Wi-Fi cha darini, kifaa kinazima, na utaniita usiku.

Faiba ndani ya nyumba

Sasa tunaingia kwenye kitu ninachokipenda, na nakiri upendeleo wangu.

Faiba ni kioo. Umeme haupiti, iwe wa kasi au wa taratibu, mkubwa au mdogo. Unanunua vigeuzi viwili, mathalani TP-Link MC220L ambayo mafundi wengi wanaijua, na moduli zake. Kimoja kinakaa kando ya ruta, kingine kando ya strima, katikati unalaza uzi wa faiba. Ukilinganisha na chujio: chujio linapunguza, faiba inakata. Na bei ya jozi hiyo mara nyingi iko chini ya vile vichujio vya majina makubwa.

Mbona basi sikumfungia baba mdogo? Kwa sababu kila kigeuzi kinataka adapta yake. Kile kilicho kando ya strima kina adapta ya umeme ukutani, na kipande kifupi cha waya wa shaba kutoka hapo hadi kwenye strima. Umemfukuza mwizi wa lango kuu, ukamfungulia wa dirishani. Ukiweka adapta mbovu hapo utapata uchafu mpya ambao hukuwa nao. Tena ni vitu viwili zaidi vya kuungua, vya kuwashwa upya umeme ukirudi, na vya kuelezwa kwa njia ya simu kwa mstaafu wa miaka 71: "Ile taa ya kijani ya tatu, inawaka au inapepesa?"

Lakini kuna mahali ambapo faiba haina mshindani, na hapo sibishani na mtu: nyumba mbili kwenye kiwanja kimoja. Ukanda wetu huu, miguuni mwa Kilimanjaro na Meru, radi za masika si hadithi. Mtu ana nyumba kubwa, na chini ya migomba ana kijumba cha uani ambako vijana wanasikiliza muziki. Anavuta UTP mita hamsini juu ya nguzo. Kila nyumba ina nguzo yake ya ardhi, yaani chuma kilichozikwa ili kupeleka umeme wa hitilafu udongoni. Radi ikipiga hata jirani tu, ardhi za nyumba hizo mbili zinatofautiana kwa volti nyingi mno kwa kitambo kidogo, na waya wako wa shaba ndiyo daraja. Nimeshabeba maiti za ruta, swichi na televisheni kwa siku moja kutoka boma moja la Kibosho, na chanzo kilikuwa waya wa namna hiyo. Kitenganishi cha volti 4,000 mbele ya radi ni mwavuli mbele ya mafuriko. Faiba isiyo na uzi wa chuma ndani yake haina cha kupitisha. Zingatia hilo unaponunua, kwa sababu faiba nyingi za nje zina waya wa chuma wa kuzibeba. Na bado utahitaji kulinda upande wa umeme, maana radi huingia pia kwa waya wa TANESCO.

Kitu kingine ambacho watu husahau: kama intaneti yako inakuja kwa faiba hadi mlangoni, kama ile ya TTCL, basi hakuna uchafu wa umeme unaotoka mtaani kwa njia hiyo. Uchafu wowote unaanzia kwenye adapta ya kile kiboksi cha ukutani. Badilisha adapta kwanza.

Wi-Fi

Wi-Fi ni chujio la bure. Hakuna waya, hakuna ganda, hakuna mzunguko. Kwa mtu aliyefanya jaribio la kuchomoa na mvumo ukakatika, kuhamia Wi-Fi kunamaliza shauri jioni hiyohiyo bila kutoa shilingi.

Ubaya wake si sauti, ni uthabiti. Nyumba nyingi za Arusha na Moshi zina kuta nene za mawe au tofali, na ruta imefichwa nyuma ya televisheni chumba kingine. Mitaa iliyobanana kama Majengo au Ngarenaro, kila nyumba ina ruta yake na zote zinagombea masafa ya gigahezi 2.4, ambamo njia zisizogongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Hapo muziki utakwamakwama. Tumia gigahezi 5 kama strima iko karibu na ruta. Ikishindikana, rudi kwenye waya. Waya wa UTP wa elfu chache unaofanya kazi ni bora kuliko Wi-Fi inayokwama, na ni bora kuliko Wi-Fi inayokwama iliyofungiwa chujio. Usicheke, nimeikuta: mtu anasikiliza kwa Wi-Fi, na chujio amelifunga kati ya ruta na kiboksi cha faiba.

Na kama unaona sauti imefifia kweli, haina uhai, angalia mipangilio ya programu kabla ya kulaumu waya. Wengi tumezoea kubana bando, tukaweka ubora wa chini na kusahau. Muziki wa kilobiti 320 kwa sekunde unakula kama megabaiti 144 kwa saa. Ukienda kiwango cha CD, hata baada ya kubanwa, tarajia mara mbili hadi tatu ya hapo. Tofauti ya kutoka ubora wa chini kwenda wa juu utaisikia mwenyewe bila kumweka binamu nyuma ya kabati.

Adui wa kweli wa baba mdogo

Waya wa intaneti ulikuwa umeshaachiwa huru na mahakama. Tukaanza kuchomoa vitu kimoja kimoja, amplifaya ikiwa imewaka. Simu tukaisogeza mbali kwanza, kwa sababu kila mtu anaijua ile tititi-tititi ya simu ikikaribia kuita. Hiyo ni redio ya simu inayowaka na kuzima mara 217 kwa sekunde, na tiba yake ni kuiweka meza nyingine. Friji tukaizima. Taa tukazizima. Mvumo upo.

Nilipofungua ule waya mnene wa dishi nyuma ya king'amuzi, kukawa kimya. Kimya kabisa, hata vyura wa mto Rau tukawasikia.

Mlingoti wa dishi lake uko chini, kwenye udongo wenye unyevu. King'amuzi kimeunganishwa na televisheni, televisheni imeunganishwa kwa waya wa AV na amplifaya, ili habari zisikike kwa spika kubwa. Amplifaya ile ya zamani ina pini mbili, haina ardhi yake. Adapta ya strima nayo ni ya pini mbili na inavujisha umeme mdogo, kama zifanyavyo adapta nyingi za aina hiyo. Ukipitisha mgongo wa kidole kwenye kasha unahisi kama mtetemo mdogo. Umeme huo ulikuwa unatafuta udongo, na njia pekee uliyoipata ni kupitia waya wa sauti, televisheni, king'amuzi, hadi mlingotini. Safari yote hiyo inapita kwenye amplifaya, nayo inaikuza kama wimbo.

Kuna viboksi vya kukata mzunguko kwenye waya wa antena, lakini kwa dishi havifai: king'amuzi hupandisha volti 13 au 18 kwenye waya uleule kulisha kichwa cha dishi, na ukiikata volti hiyo unakata na picha. Kuna pia viboksi vya transfoma vya kupachika kwenye waya wa AV, vile vya redio za magari. Vinafanya kazi, ila vile vya bei rahisi hula besi kidogo.

Tulichofanya ni kutumia tundu la mwanga. Televisheni nyingi za kisasa zina tundu la Toslink, teknolojia iliyoanzishwa na Toshiba mwaka 1983, linalotoa sauti kwa mwanga mwekundu ndani ya uzi wa plastiki. Tukanunua uzi huo na kigeuzi kidogo cha kurudisha mwanga kuwa waya wa AV. Bei ya vyote viwili haikufika robo ya bei ya chujio. Mvumo ukaisha.

Karibu niharibu mwenyewe. Kigeuzi kile kinataka volti 5, na kwa uvivu nilikichomeka kwenye tundu la USB la televisheni. Mvumo ukarudi palepale, maana waya wa USB umeunganisha tena kile nilichotenganisha. Nikakihamishia kwenye chaji ya simu ukutani, kimya kikarudi.

Jambo moja silitanii: usikate wala using'oe pini ya ardhi ya kifaa chochote ili kuua mvumo. Najua mafundi wanaofanya hivyo, na mvumo huisha kweli. Kisha siku kifaa kikipata hitilafu ndani, kasha lote linakuwa na umeme, na anayeligusa kwanza ni mtoto.

Nani achague nini

Mvumo upo hata waya ukichomolewa: tafuta dishi, televisheni, kompyuta yenye pini tatu. Tumia Toslink. Chujio halikuhusu.

Mvumo unakuja umeme ukikatika tu na nyumba ikahamia kwenye betri: hiyo ni inveta yako. Zile za bei nafuu hazitoi wimbi laini la umeme, linapanda na kushuka kwa ngazi, na amplifaya inalalamika. Weka hela ya chujio pembeni kwa ajili ya inveta yenye wimbi safi.

Mvumo unakatika ukichomoa waya: badilisha kwa UTP wa vichwa vya plastiki, au hamia Wi-Fi. Ukishindwa yote, nunua kitenganishi cha hospitali.

Nyumba mbili kiwanja kimoja: faiba, kabla ya Machi.

Hakuna mvumo wowote, unataka tu sauti nzuri zaidi: sogeza spika kutoka kwenye kona, weka zulia kwenye ile sakafu ya vigae, panda ubora kwenye programu. Nilimfanyia jamaa wa Njiro haya matatu, akaniuliza nimebadilisha spika lini.

Kuhusu kiboksi cha bati, nilimwambia baba mdogo anaweza kukirudisha, bado kilikuwa ndani ya muda. Alikigeuzageuza mkononi, akakichomeka tena nyuma ya strima.

"Hakifanyi kitu," nikamwambia.

"Nimekusikia. Lakini mdogo wako akinipigia kwa video, ndiyo kitu cha kwanza anachotaka kuona."